Muuguzi wa Dar anapotaka kujitolea nje ya nchi: nani anamlipa nani?

Jumapili moja mchana binti mmoja muuguzi alikuja kwangu Tabata na simu mkononi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, hajalala, macho mekundu, lakini uso umejaa furaha. "Shikamoo dada. Nimepata!" Akanipa simu nisome. Ilikuwa barua ya kurasa mbili. Juu ina nembo ya Umoja wa Mataifa, katikati jina lake limekosewa herufi moja, chini kuna sahihi ya mtu anayejiita mkurugenzi. Barua ilimpongeza kwa kuchaguliwa kwenda Canada kujitolea kama muuguzi kwa miaka miwili, kwa dola elfu nne kila mwezi, nyumba na gari bure. Kilichobaki ni yeye kutuma shilingi laki tisa za "kufungua faili" kabla ya Jumatano, kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Hakuwa amefanyiwa usaili wowote. Hakuna aliyemwuliza namba ya leseni yake wala wodi alizopitia. Nilimwomba asitume hata shilingi moja, halafu tukakaa kibarazani mpaka adhana ya magharibi. Mengi niliyomweleza siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, maana yeye si wa kwanza kuniletea barua ya namna hiyo, na wote walioniletea ni wauguzi wazuri wenye nia njema.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe. Hapa kwetu ukisema "najitolea", mtu anakuelewa papo hapo: umemaliza chuo, leseni unayo, ajira ya serikali haijakufikia, ukaomba hospitali ikupokee. Unaingia zamu sawa na walioajiriwa, mwisho wa mwezi unapewa nauli, au posho kidogo, au hupewi kitu. Kujitolea kwetu kumekuwa jina la kusubiri ajira. Kijana mwenye maana hiyo kichwani akiona tangazo la kujitolea Ulaya au Amerika, anadhani ni kusubiri kulekule, ila kwenye nchi yenye mishahara mikubwa, na kwamba akishafika watamwona anavyojituma wamwajiri. Mashirika yanayotangaza nafasi hizo yana maana nyingine kabisa, tena kila shirika na maana yake.

Nianze na yale yanayotafutwa zaidi. Madaktari Wasio na Mipaka, ambalo wengi tunaliita MSF, lilianzishwa Ufaransa mwaka 1971 na madaktari pamoja na waandishi wa habari, na mwaka 1999 likapata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Muuguzi anayekwenda kazini na shirika hili nje ya nchi yake anasaini mkataba. Analipwa kila mwezi, tiketi ya ndege inakatwa na shirika, bima ipo, malazi yapo. Malipo ya anayeanza si ya kumtajirisha mtu, ila yapo. Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, yaani UNV, ni programu iliyoundwa na Baraza Kuu mwaka 1970, na makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Wao hawasemi mshahara, wanasema posho ya kujikimu, na posho hiyo inatosha mtu kupanga nyumba na kula katika mji aliopangiwa. Nauli ya kwenda na kurudi ni juu yao, na bima pia. Kuomba nafasi UNV ni bure. Hakuna ada ya fomu wala ya usaili, na hakuna faili la kufungua. Kwa hiyo barua yenye nembo ya Umoja wa Mataifa inayodai fedha imeshajitoboa yenyewe, huna haja ya kuchunguza zaidi.

Mpaka hapo ungeweza kujiwekea kanuni nyepesi: anayekuomba fedha ni tapeli. Nami nilikuwa nikiisema hivyo, mpaka nilipofahamu habari za Mercy Ships. Hili ni shirika la Kikristo lililoanzishwa mwaka 1978, lenye meli za hospitali zinazotia nanga kwenye bandari za Afrika na kufanya upasuaji bure. Wauguzi wa melini hawalipwi, na zaidi ya hapo wao ndio wanaochangia gharama za chakula na malazi yao, na nauli ni yao. Wengi wanachangiwa na makanisa, marafiki na ndugu. Ni shirika halali lenye kazi inayoonekana. Basi kanuni yangu nikairekebisha: uliza fedha inakwenda wapi na inalipwa lini. Shirika la kweli likitaka mchango linaueleza wazi tangu mwanzo kwenye maelezo yake kwa umma, linakusaili kwanza, na malipo yanakwenda kwenye akaunti yenye jina la shirika. Tapeli anakupongeza kwanza, halafu anakupa siku tatu utume kwa simu.

Kuna aina nyingine inayowapata zaidi vijana wanaosali kwenye makanisa yenye udugu na Ujerumani. Programu ya weltwärts ilianza mwaka 2008 kupeleka vijana wa Kijerumani nje, na kuanzia 2013 ikafungua njia ya vijana wa kwetu kwenda huko. Wanakaa kama mwaka mmoja, wanapewa malazi, bima na fedha za mfukoni. Wengi wanapangwa kwenye shule za chekechea, nyumba za wazee au vituo vya watu wenye ulemavu. Ni nafasi nzuri ya kujifunza lugha na kuona dunia. Lakini muuguzi aelewe kabla hajapanda ndege kwamba kule atakuwa msaidizi. Atamlisha bibi uji, atatandika kitanda, atasukuma kiti cha magurudumu bustanini. Hatagusa sindano, hatatoa dawa, na mwaka huo hautahesabiwa kuwa ni wa uuguzi. Nimeona dada mwenye stashahada na miaka mitatu ya wodi ya wazazi akilia kwa hilo, kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema.

Kwa nini asiguse sindano, naye ni muuguzi kamili? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kutolipwa hakumwondoi mtu kwenye sheria ya taaluma. Muuguzi wa Kijerumani akija hospitali ya Amana leo, hata kama amejilipia nauli na hadai shilingi, hawezi kumhudumia mgonjwa kama muuguzi mpaka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania limruhusu. Baraza letu linasimamia hilo chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na kila nchi ina chombo kama hicho. Mgonjwa hajali kama anayemchoma analipwa au hapana, anachotaka ni kuwa mikononi mwa mtu anayejua. Uingereza, kwa mfano, ina viza ya kujitolea kwenye taasisi za hisani kwa muda usiozidi miezi 12, bila malipo. Viza hiyo inakuruhusu kukaa nchini, lakini haikufanyi muuguzi wa Uingereza. Ili uwe muuguzi kule unapaswa kufaulu mtihani wa Kiingereza, kisha mtihani wa nadharia kwenye kompyuta, kisha mtihani wa vitendo ukiwa hukohuko. Ujerumani watataka elimu yako itambuliwe rasmi na Kijerumani chako kiwe cha kiwango cha kati hadi juu. Marekani wana mtihani wao wa NCLEX. Njia hizi ni za anayekwenda kuajiriwa. Mtu akikuambia kuna hospitali ya nchi tajiri itakayokupokea ujitolee wodini kama muuguzi bila hatua hizo, ama hajui anachosema, ama anakudanganya.

Na kwenye ajira kuna jambo jingine linalopaswa kujulikana Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na katika orodha ya mwaka 2023, yenye nchi 55, Tanzania imo. Kwa sababu hiyo Uingereza imewakataza waajiri na mawakala wake kuja kuchukua wauguzi hapa kwa kuwasaka. Wewe binafsi hukatazwi kuomba kazi moja kwa moja. Kinachokatazwa ni wakala kuitisha mkutano hotelini, kusajili watu na kuwapeleka hospitali za kule. Nimeona matangazo ya mawakala yenye neno "kujitolea" ambayo ukiyasoma mpaka chini unakuta ni ajira inayozungumzwa. Wakala yeyote anayewapeleka Watanzania kazini nje anatakiwa awe na leseni ya serikali kutoka kwa mamlaka ya kazi. Mwombe akuonyeshe. Mwenye nayo hukuonyesha bila kununa.

Sasa turudi kwenye mashirika ya misaada, kwa sababu huko ndiko muuguzi wa Kitanzania ana thamani kubwa kuliko anavyojidhania. Yale hayafanyi kazi zake nyingi kwenye nchi tajiri. Yako Sudan Kusini, Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Yemen, Haiti. Vibali vya kufanya kazi kule shirika linavishughulikia na wizara ya afya ya nchi husika, na msingi wake ni leseni yako ya nyumbani. Wanachotafuta ni mtu aliyewahi kufanya kazi bila vitu vya kutosha na wagonjwa wakapona.

Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikasambaa karibu nchi nzima. Waliokuwa kwenye kambi za wagonjwa mwaka ule wanakumbuka: kitanda cha turubai chenye tundu katikati, ndoo chini yake, maji ya klorini mlangoni, na mgonjwa aliyeingia amebebwa na bodaboda, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mtu mzima wa kilo 50 akifika katika hali hiyo anahitaji lita moja na nusu ya dripu ya Ringa ndani ya dakika 30 za kwanza, kisha lita tatu na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mshipa haupatikani kwa sababu umesinyaa. Unatafuta mkono, unatafuta mguu, na nyuma yako wameshaingia wengine wawili. Muuguzi aliyeweza kuweka kanyula, ule mrija mdogo wa dripu unaoingia mshipani, kwa mgonjwa huyo usiku, kwa mwanga wa simu, ana kitu ambacho mwenzake wa Ulaya aliyesoma kwenye chuo kizuri mara nyingi hana. Lakini angalia wasifu wake. Ameandika "nilifanya kazi wodi ya jumla", basi. Kambi ya kipindupindu hakuitaja hata kwa neno moja, kwa sababu alidhani ni shida tu aliyopitia.

Hivyo hivyo kwa aliyefanya kazi kwenye kambi za wakimbizi Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta ikapokea Warundi kuanzia 2015. Wauguzi wa Kitanzania walioajiriwa na mashirika kule wamejifunza kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa utapiamlo, wakijua chini ya milimita 115 mtoto yuko hatarini sana, na wamesimamia chanjo za maelfu ya watoto. Njia ya kutoka mtumishi wa ndani wa shirika kwenda kuwa mtumishi wa kimataifa wa shirika lilelile ipo na inapitika. Ningekuwa na umri wa huyu binti ningeanzia huko, badala ya kuwinda matangazo ya Canada.

Na kuna jambo la lugha, ambalo mimi binafsi linanigusa sana. Mashariki ya Kongo, Goma na Bukavu, wagonjwa wanazungumza Kiswahili. Muuguzi anayetoka Geneva anahitaji mkalimani ili amwulize mama tumbo limeanza kuuma lini. Muuguzi wa Temeke anauliza mwenyewe, na mama anajibu, na katika kujibu anaongeza lile ambalo asingemwambia mkalimani mwanamume. Lafudhi yao na yetu hazifanani, lakini mnaelewana. Kikwazo ni kwamba faili la mgonjwa, oda ya dawa na ripoti ya mwezi vinaandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo muuguzi wa Dar anayetaka kwenda kweli, Kifaransa cha kuandika na kusoma kitamfikisha mbali kuliko barua mia za maombi. Alliance Française ipo mjini hapahapa.

Wanataka nini hasa? MSF kwa kawaida huhitaji angalau miaka miwili ya kazi baada ya kusajiliwa. UNV wana makundi kulingana na umri: wa miaka 18 hadi 26 wana nafasi za vijana, na wanaoomba kama wataalamu wanaanzia miaka 27, wakiwa na uzoefu wa kazi. Lakini miaka peke yake haitoshi, kwa sababu kazi yenyewe imebadilika. Muuguzi wa kimataifa kwenye mradi hachomi sindano kutwa nzima. Wauguzi wa nchi ile wapo, na wengi ni hodari. Yeye anapanga zamu, anahesabu dawa na kuagiza kabla hazijaisha, anakagua usafi na kuzuia maambukizi, anafundisha, na kila asubuhi na jioni anahakikisha friji ya chanjo iko kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye usaili atapewa kisa: wodi ya watoto imejaa mara mbili ya vitanda vyake, wauguzi ni wawili usiku, mmoja ameumwa, na oksijeni inatosha watoto watatu tu huku wanaohitaji ni watano. Utafanya nini? Wanasikiliza unavyopanga mambo, unavyosema na wenzako na unavyobeba uamuzi mgumu. Aliyewahi kuwa inchaji wa wodi, hata kwa miezi sita, ana la kujibu.

Swali aliloniuliza binti kwa sauti ya chini lilikuwa hili: muda wa kujitolea hapa nyumbani unahesabiwa? Unahesabiwa, ikiwa leseni ilikuwa hai na una karatasi. Hapo ndipo tunapopoteza. Alinionyesha barua aliyopewa na hospitali yake ya kwanza, sentensi moja: "Huyu alijitolea hapa na alikuwa na tabia njema." Hakuna tarehe ya kuanza, hakuna wodi, hakuna kazi alizofanya. Miezi 14 ya maisha yake, zamu za usiku kwa nauli ya kukopa, imebaki sentensi moja isiyomsaidia popote. Barua inayosaidia ina tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza, wodi na idadi ya vitanda vyake, saa za kazi kwa wiki, majukumu yaliyotajwa moja moja, jina na cheo cha aliyesaini, muhuri, na namba ya simu inayopokelewa. Unayejitolea sasa hivi, usisubiri kuondoka. Iandike rasimu mwenyewe, mpelekee matroni kwa heshima, mwombe aisome na kuirekebisha. Wengi hawakatai, wanakosa tu muda wa kuiandika. Na weka daftari la kozi fupi ulizosoma, kwa sababu Baraza nalo linataka uendelee kujifunza ili leseni ihuishwe. Nchi nyingi zitaomba barua ya Baraza inayothibitisha kwamba umesajiliwa na huna shauri la nidhamu, na mara nyingi barua hiyo inakwenda moja kwa moja kutoka Baraza letu kwenda kwao, bila kupitia mkononi mwako.

Mambo ya pasipoti, kadi ya homa ya manjano na cheti cha tabia njema cha polisi nayapita, kila msafiri anayajua. Mwulizie daktari chanjo ya homa ya ini B kama hukumaliza dozi.

Lakini mawili nisingependa kuyapita. La kwanza ni hatari. Tarehe 3 Oktoba 2015 ndege ya kivita ya Marekani ilishambulia hospitali ya MSF mjini Kunduz, Afghanistan, watu 42 wakafa, na 14 kati yao walikuwa watumishi wa shirika. Simtishi mtu. Nasema mkataba usomwe mpaka mwisho: nani atakutoa kukitokea vita, bima inalipa nini ukilemazwa, na ukichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa utapata wapi dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 72. Shirika zuri linafurahi ukiuliza. Nawe mwambie mama yako ukweli wa unakokwenda. Asije akausikia redioni.

La pili ni kurudi. Aliyeajiriwa serikalini haondoki kwa kumwambia inchaji tu. Aombe likizo bila malipo kwa maandishi, kupitia kwa mwajiri, na asipande ndege mpaka jibu limetoka, la sivyo atahesabiwa ni mtoro na nafasi yake itajazwa. Mshahara ukisimama, michango ya pensheni inasimama pia. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo alizoea kukatwa asilimia 15 ya mshahara bila kufanya chochote. Akiwa nje makato hayo hayajifanyi yenyewe, deni linabaki palepale, kwa hiyo apange na Bodi kabla. Na leseni ihuishwe ukiwa hukohuko, usirudi ukakuta imekufa.

Na tuwe wakweli kuhusu wakati tulio nao. Mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na mashirika mengi, yakiwemo ya Umoja wa Mataifa, yakapunguza watu. Nafasi ni chache kuliko miaka mitano iliyopita na waombaji ni wengi. MSF haitegemei fedha za serikali, karibu yote inachangiwa na watu binafsi, lakini nayo haiwezi kuziba pengo la wengine. Umoja wa Afrika una mlango wake: wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi ulipeleka watumishi wa afya wa Kiafrika zaidi ya 800, na baada ya hapo kikaundwa kikosi cha kujitolea cha afya chini ya Africa CDC, kituo cha umoja huo cha kudhibiti magonjwa, na kikosi hicho huweka orodha ya watu wa kuitwa mlipuko ukitokea. Kuingia kwenye orodha si sawa na kupata safari. Ni kuwa tayari wakati wowote simu ikilia.

Binti hakutuma ile laki tisa. Wiki iliyofuata alirudi hospitali yake ya kwanza na rasimu ya barua. Mara ya kwanza matroni hakuwepo, mara ya pili alikuwa mkutanoni, mara ya tatu barua ikasainiwa, ikapigwa muhuri, na matroni akaongeza kwa kalamu mstari ambao binti hakuuandika: kwamba alisimamia zamu za usiku peke yake kwa miezi mitano. Sasa ana mwaka mmoja na miezi saba ya uzoefu wenye karatasi. Jumanne na Alhamisi jioni anasoma Kifaransa. Juzi alinitumia sauti akijizoeza kukabidhi zamu kwa lugha hiyo: kitanda namba tatu, mtoto wa miaka miwili, homa imeshuka, dripu ibadilishwe saa sita usiku. Alikwama kwenye neno la dripu, akacheka, akaanza tena tangu kitanda namba moja.